Vijisenti, Mboga na Kishika Uchumba: Maneno ya Wakubwa Yalivyogeuka Utani Wetu

Oya wanangu, leo mnivumilie kidogo. Najua humu ndani tumezoea kuongelea nani kaachana na nani, nani kapiga picha na gari la kuazima akasema lake. Leo nataka tupige stori ya historia. Usikimbie basi! Ni historia ya kucheka, na kuna watu wamelala rumande kwa ajili yake.

Nianze na swali. Kigogo ni nini? Mtu wa Dar atakwambia ni mkubwa wa serikali, mwenye kitambi na gari la vioo vyeusi. Fundi seremala atakwambia ni kipande cha gogo. Mimi niliyezaliwa Dodoma, Kigogo ni lugha ambayo bibi yangu alikuwa ananigombeza nayo nikirudi nyumbani na vumbi mpaka kope. Halafu kwenye Twitter kukawa na akaunti moja inaitwa Kigogo, haina sura wala jina la mtu, inamwaga siri na kejeli za wakubwa, wafuasi kibao. Kila mtu anaisoma, na kila mtu anasema haisomi. Neno moja, maana nne. Nchi hii ukijua kucheza na maneno unaweza kusema jambo zito huku unaonekana unaongelea kuni.

Na mimi leo nitafanya hivyohivyo. Majina mengine nitayataja, mengine utamalizia mwenyewe. Unawajua.

Watu wakiongelea utani wa mitandaoni wanaongea kama vile umeletwa na simu janja. Hapana bhana. Sisi watu wa huku kati tumekulia kwenye utani wa makabila. Mgogo na Mhehe ni watani. Mhehe anaweza kuja kwenye msiba wako, akalala kwenye mkeka akijifanya ndiye marehemu, akagoma kuamka mpaka apewe hela, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kasoro. Mtani anamwambia mzee wa ukoo ukweli ambao mtoto wake wa kumzaa hawezi kuuthubutu: kwamba marehemu mlimtelekeza, kwamba mlikuwa hamleti hata sukari. Watu wanacheka, lakini ujumbe umefika.

Ila utani ule una sheria zake, na hapa naomba ushike vizuri maana nitarudi. Mtani anakutania na wewe unamtania. Mimi nikisema nyie Wahehe mbwa kwenu ni kitoweo, yeye anasema nyie Wagogo kazi yenu kuomba hela barabarani, ngoma droo, tunaagiza soda. Pande zote mbili zimekubali kuwa watani. Shida ya sisi watoto wa bando ni kwamba tuliuchukua utani ule tukaupeleka kwa serikali, na serikali haijawahi kukubali kuwa mtani wa mtu.

Zamani walikuwepo waliojaribu kwenye karatasi. Miaka ya mwisho ya 1960 gazeti la Uhuru, tena gazeti la chama chenyewe, lilikuwa na katuni ya Chakubanga iliyochorwa na Christian Gregory. Watu wazima wanaikumbuka mpaka leo. Baba wa Taifa naye watu walimwita Mchonga, kwa sababu ya meno. Mwinyi akawa Mzee Ruksa. Mkapa alipobana matumizi, kukosa hela kukaitwa ukapa, na mpaka leo kuna watu wanasema wana ukapa bila kujua neno limetoka wapi. Halafu wakaja Ze Comedy kina Joti, Masanja, Mpoki na wenzao wakawa wanaigiza wakubwa kwenye TV. Sisi tulikuwa watoto, tulikuwa tunaenda kuangalia kwa jirani mwenye luninga, tunalipia kwa kumtekea maji.

Mambo ya kidijitali kwa akili yangu mimi yanaanzia mwaka 2008. Aprili mwaka ule waziri wa miundombinu, Andrew Chenge, alikutwa na zengwe la hela iliyokuwa kwenye akaunti ya kisiwa cha Jersey huko Ulaya, kama dola milioni 1 hivi, wakati wachunguzi wa Uingereza wanafuatilia ule ununuzi wa rada. Waandishi wakamuuliza. Mzee akasema ni vijisenti. Basi! Akajiuzulu uwaziri mwezi huohuo, lakini neno likabaki. Zama zile ni za meseji za kawaida na ile Jambo Forums iliyoanza 2006, ambayo ndiyo ikaja kuwa JamiiForums. Kila mtu akawa na vijisenti. Konda anakurudishia chenji anasema shika vijisenti vyako.

Sasa angalia ujanja uliopo hapo. Hakuna mtu aliyetunga utani. Utani aliutunga mhusika mwenyewe kwa mdomo wake, sisi tukawa tunaurudia tu. Na hiyo ndiyo stori yangu yote ya leo. Wenzetu Wamarekani wana wachekeshaji wa usiku wenye timu za waandishi. Sisi timu yetu ya waandishi iko serikalini na bungeni. Wanatuandikia bure.

Mwaka 2011 CCM walikaa hapahapa Dodoma kwenye vikao vyao vya juu wakaja na mpango wa kujivua gamba, maana yake kuwaondoa wenye kashfa. Lilikuwa neno la sifa, kama nyoka anayejipya. Haikuchukua hata wiki, wapinzani wakaligeuza na wanachama wote wakaitwa magamba. Ukivaa shati la kijani unaambiwa we gamba. Mpaka leo.

Halafu ikaja Escrow. Novemba 2014 Bunge liliwaka moto hapa Dodoma kuhusu mabilioni yaliyotoka kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Profesa mmoja, waziri wa ardhi wakati ule, alikuwa ameingiziwa shilingi bilioni 1.6, akasema ni mchango wa shule. Ila katika maelezo yake kukawa na milioni 10 ambazo zilikuwa za mboga. Aisee. Milioni 10 za mboga! Mama yangu alikuwa anaacha elfu 2 ya mboga na tulikuwa tunagombana nani kala chenji. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka watu wazima sokoni Majengo wanauliziana bei ya mchicha huku wanacheka mpaka machozi. Escrow ilikuwa na makaratasi ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyaelewa, mambo ya IPTL, hukumu za nje, riba. Neno mboga likafanya kila mtu aelewe ukubwa wa ile hela. Kwa hilo mimi naupa utani heshima yake. Hesabu za Bunge hazikunifundisha bilioni ni nini. Mboga ilinifundisha.

Wakati sisi tunacheka, wenzetu walikuwa wanaandika sheria. Januari 2015 serikali ikalisimamisha gazeti la The EastAfrican, sababu rasmi ikiwa usajili, lakini kila mtu alikuwa anaongelea katuni ya Gado iliyomchora rais wetu wa wakati ule. Gado ni Mtanzania, Godfrey Mwampembwa, kijana wa Dar aliyeenda kuchorea magazeti Nairobi. Mwaka uliofuata na kazi yake kule Nairobi ikaisha. Halafu muswada wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ukapitishwa na Bunge hapa Dodoma tarehe 1 Aprili 2015. Ndiyo, Siku ya Wajinga. Naapa sijatunga. Wengine waliamka asubuhi wakadhani ni utani wa siku. Ikaanza kutumika Septemba 1, na kifungu chake cha 16 kinasema ukichapisha taarifa za uongo faini haipungui milioni 5 au jela miaka isiyopungua 3.

Kwa hiyo ule ujanja wa kurudia maneno ya mkubwa ukawa siyo tu unachekesha, ukawa ndiyo kinga. Utanishtakije kwa uongo wakati ni wewe mwenyewe umesema?

Novemba 2015 hali ikawa tamu kidogo. Magufuli alikuwa ameapishwa tarehe 5, na tarehe 20 akaja kuzindua Bunge Dodoma, ndiyo ile hotuba ya majipu. Kulikuwa na hela zaidi ya shilingi milioni 200 zimechangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge, akasema nyingi ziende zikanunue vitanda Muhimbili. Mitandaoni ikalipuka ile #WhatWouldMagufuliDo, yaani Magufuli angefanyaje. Wakenya wakaingia, Waganda wakaingia, mpaka Afrika Kusini. Mtu anataka kununua pazia jipya, anakumbuka Magufuli, anashona la zamani. Ilikuwa kejeli, lakini siyo kwetu sisi. Wakenya walikuwa wanawasema wakubwa wao kupitia rais wetu. Mimi nadhani ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho serikali yetu ikafurahia mzaha wa mitandao, kwa sababu mzaha ulikuwa unampiga jirani.

Raha haikukaa. Januari 27, 2016 bungeni ikatangazwa TBC hawatarusha tena Bunge moja kwa moja, sababu gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Kwa sisi watu wa Dodoma ilikuwa kichekesho cha aina yake. Bunge liko pale barabarani, unaona paa lake, unaona misafara inakutimulia vumbi, ila yanayosemwa ndani mpaka utumiwe klipu na shangazi yako wa Mwanza. Na ndiyo maana klipu zikawa na nguvu. Mtu alikuwa hasikii hotuba nzima tena. Anasikia sekunde 30, zile zenye kichekesho.

Sasa nifike sehemu ambayo sijisikii vizuri kuiandika.

Mei 28, 2016 serikali iliamuru wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waondoke UDOM. Walimu wao walikuwa wamegoma kufundisha. Wale watoto programu waliikuta imeanzishwa na serikali yenyewe, kwa sababu nchi haina walimu wa hesabu na fizikia. Wakapewa muda mfupi wa kuondoka, masaa tu. Dodoma ile siku ilijaa masanduku. Watu wamekaa juu ya matranka stendi, wengine hawana nauli, wengine wa Kigoma na Kagera huko. Siku chache baadaye Magufuli akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akasema wale ni vilaza.

Neno lile lilisambaa kuliko mboga. Kilaza ikawa kila mahali: shuleni, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp. Picha za wale watu na masanduku yao zikawekewa maneno ya kuchekesha. Mimi nilikuwa sekondari, naazima simu ya kaka, na nilisambaza ile picha moja kwenye makundi kama matatu. Jirani yetu alikuwa na binti yake kwenye ile programu. Alirudi na begi, akakaa ndani wiki nzima. Siku alipotoka kuchota maji, mtoto mmoja wa mtaani akamwita dada kilaza, na sisi wote kijiweni tukacheka. Nikacheka na mimi. Aliweka ndoo chini, akatuangalia mmoja mmoja, akachukua ndoo akarudi ndani bila maji.

Baadaye sehemu ya wanafunzi wale walipangiwa vyuo vya ualimu. Yule dada sasa hivi anafundisha. Sijawahi kumwomba msamaha, na nikikutana naye anaitikia salamu yangu vizuri tu, ndiyo inaniuma zaidi.

Kwa nini naisema hii? Kwa sababu kila tukiongelea kejeli ya mitandaoni tunajisifia kama vile tulikuwa tunawapiga wakubwa tu. Hapana. Mara nyingi mkubwa anatupa jiwe, sisi tunaliokota tunamalizia kumpiga yuleyule aliyepigwa. Ni sawa na utani wa sisi Wagogo kuwa ombaomba. Kulikuwa na mzee mmoja wa huku aliyekuwa anaomba pale Dar akawa maarufu nchi nzima, jina lake likawa utani wa kabila zima. Mhehe akinitania hivyo ni mtani wangu, nitamjibu. Ila ofisa wa Dar anayehamia Dodoma akaandika kwamba amekuja kuishi na ombaomba, huyo siyo mtani. Huyo anatutukana tu, halafu anaweka kiemoji cha kucheka.

Haya, turudi kwenye burudani.

Mwaka 2017 ndiyo mwaka wa Noah. Kampuni ya Acacia ilipelekewa deni la kodi la dola bilioni 190, ile stori ya makinikia. Mtaani watu wakapiga hesabu: hela ile ukigawa, kila Mtanzania anapata Toyota Noah. Nchi nzima ikaanza kuchagua rangi. Mimi nilikuwa kidato cha nne na nilishaamua yangu nyeusi. Oktoba, baada ya mazungumzo na Barrick, tukaambiwa watatoa dola milioni 300 kwanza, na Profesa Kabudi akaziita kishika uchumba. Jamani! Mahari ni bilioni 190, kishika uchumba ni milioni 300. Ukitaka kukopa kwa mshkaji unamlipa elfu moja, unamwambia ni kishika uchumba. Mpaka leo ukipanda Noah Dodoma abiria akiuliza mbona gari bovu, konda wa kizamani atakwambia hiyo ndiyo ile yako ya makinikia.

Halafu 2018. Kuna dada aliyeko Marekani, mnamjua, alitumia Instagram kuitisha maandamano ya Aprili 26. Siku hiyo ni Muungano, na sherehe za kitaifa zilikuwa hapahapa Dodoma, uwanja wa Jamhuri. Kamanda wa polisi wa mkoa wetu, Gilles Muroto, akatokea mbele ya kamera akasema atakayeandamana atapata kipigo cha mbwa koko. Kamanda yule alikuwa na kipaji cha maneno, tusimnyime. Mikutano yake na waandishi watu waliisubiri kama tamthilia.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nafanya kazi ya kuprinti kwenye kibanda cha vifaa vya ofisi. Klipu ile nilitumiwa mara 11 siku moja. Nikampigia mtani wangu Mhehe nikamwambia, aisee tangazo la kamanda linawahusu nyie, mbwa wakipigwa huku mtakosa mboga. Akanijibu nyie Wagogo mkiandamana polisi watakimbia wenyewe, watajua mnakuja kuwaomba nauli. Tulicheka sana. Na tarehe 26 hakuna aliyeandamana Dodoma. Nilitoka asubuhi kwenda kibandani, barabara imejaa magari ya polisi, nikakanyaga kwa adabu kama naenda kanisani. Mchana tukasikia rais ametangaza Dodoma kuwa jiji.

Niliwaza sana siku ile. Kile kicheko kilikuwa nini? Tulikuwa tunamcheka kamanda, au tulikuwa tunaficha woga wetu kwa kucheka? Mi naona vyote. Utani ulifanya kauli ya kutisha ionekane ya kipuuzi. Lakini haukumtoa mtu hata mmoja nyumbani. Kuna watu wa Serbia, kundi la vijana lililoitwa Otpor, wao walichora sura ya rais wao Milošević kwenye pipa, wakaliweka katikati ya mji wa Belgrade na rungu pembeni, unatoa sarafu unalipiga. Watu wakapanga foleni. Polisi walipofika hawakumkuta mwenye pipa, wakalikamata pipa. Picha ya polisi wanabeba pipa ndiyo ikawa kichekesho chenyewe. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao walicheka wakiwa barabarani. Sisi tulicheka tukiwa kitandani, bando likiisha na harakati zimeisha.

Ila nisiwalaumu wabongo sana, maana bei ilikuwa inapanda. Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni: ukitaka kuwa na blogu unaomba kwa laki 1, leseni milioni 1, na ada ya mwaka milioni 1 nyingine. Milioni 2 na laki 1! Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5 au jela mwaka. Mimi ndiyo nilikuwa nataka kuanza kuandika. Kibandani nilikuwa nalipwa elfu 5 kwa siku. Nikapiga hesabu kwenye karatasi, ikatoka siku 420 bila kula. Juni JamiiForums wenyewe wakafunga kwa muda. Hizo ada baadaye zilipunguzwa, lakini ujana wangu wa kuandika wote niliumalizia kwenye stetasi za WhatsApp.

Na kabla ya hapo, mwaka 2016, mtu mmoja wa Arusha alihukumiwa miaka 3 jela au faini milioni 7 kwa kumtukana rais Facebook. Kwa hiyo kila mwenye vichekesho alikuwa anajua mlango uko wapi.

Aliyegonga ule mlango mara mbili ni Idris Sultan, bingwa wa Big Brother Africa ya 2014. Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Magufuli, akaweka picha amebadilishana sura na rais: yeye kakaa kwenye kiti cha rais, sura ya rais iko kwake. Mkuu wa mkoa wa Dar wakati ule akamwandikia palepale Instagram akaripoti polisi. Mei 2020 akakamatwa tena, na safari hii hakuandika wala kuchora chochote. Alicheka. Ni video yake anacheka akiangalia picha ya zamani ya rais amevaa suti kubwa kuliko mwili. Kicheko tu. Alipofikishwa mahakamani shtaka likawa la laini ya simu kutosajiliwa kwa jina lake. Sheria haina kifungu cha kucheka, kwa hiyo wakatafuta laini. Yaani ule ujanja wetu wa kusema mimi sijatunga, nimerudia tu, ulifia pale. Hata kurudia hakuhitajiki tena, kutoa meno tu inatosha.

Sasa nije kwenye ushindi wetu, maana upo. Julai 15, 2021 tozo za miamala zikaanza, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kutegemea umetuma kiasi gani. Bajeti yenyewe ilisomwa hapa Dodoma na Mwigulu Nchemba, mtu wa jirani zetu Iramba, Singida, yule wa skafu ya bendera shingoni. Watu wakalia. Kauli yake ikasambaa kwamba asiyetaka tozo ahamie Burundi. Nakumbuka ule usiku. Simu ilikuwa inatetemeka mpaka inadondoka mezani. Watu wanaulizia nauli ya Bujumbura. Wengine wanajifunza Kirundi. Kuna waliojitambulisha kuwa Warundi tangu kuzaliwa.

Kwa nini huu utani ulifanya kazi na wa kamanda haukufanya? Mimi nina jibu langu, mnaweza kubisha. Mbwa koko ilimhusu anayetaka kuandamana, na wengi hatukutaka. Tozo ilimhusu kila mtu, mpaka bibi yangu anayetumiwa elfu 10 ya dawa. Bibi hajui hashtag, lakini alijua Burundi iko wapi, na alicheka na kukasirika kwa pamoja. Huwezi kukamata watu wote wanaosema wanahamia Burundi. Na utani ulimpiga aliyesema, haukumpiga aliyekatwa. Kuanzia Septemba 7, 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Siyo utani peke yake uliofanya hivyo, watu pia waliacha kutuma hela kwa simu, wakarudi kuwapa madereva wa mabasi bahasha. Lakini kila bahasha iliyotoka Dodoma iliandikwa Burundi juu yake kimoyomoyo.

Baada ya pale wakubwa wakawa wajanja. Angalia ile anaupiga mwingi. Ilianza kama sifa ya rais, lugha ya mpira. Umeme ukikatika, watu wakaanza kuandika anaupiga mwingi. Maji yakikatika, anaupiga mwingi. Na chawa, neno tulilowapa wanaosifia ili wale, wenyewe wakalivaa wakajiita Chawa wa Mama, wanatembea kifua mbele. Unamtaniaje mtu aliyekubali kuwa mdudu? Hapo mimi nilinyoosha mikono.

Wakenya wao wako hatua nyingine. Toka 2013 walipopeleka nguruwe mbele ya Bunge Nairobi kwa sababu ya mishahara ya wabunge, mpaka Juni 2024 vijana walipomwita rais wao Zakayo mtoza ushuru na muswada wa fedha ukaondolewa. Ila hata kule Desemba 2024 kijana aliyekuwa anachora vivuli vya rais, Gideon Kibet, alitekwa, akaonekana Januari. Na sisi huku tangu Mei 2025 X haifunguki bila kuzunguka mlango wa nyuma. Kwa hiyo tusicheze.

Namalizia na mshkaji wangu. Sitamtaja. Mvua zile kubwa za mwisho wa 2023 zilituachia dimbwi mtaani kwetu, na Dodoma dimbwi ni utalii. Barabara ilikuwa imeahidiwa changarawe miaka. Mshkaji akavaa kofia ya pama, akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni na fimbo yenye uzi, nikampiga picha. Tukaandika: Karibu Ziwa Victoria, tawi la Dodoma. Ilitembea vibaya mno. Siku ya tatu akapigiwa simu na mtu wa ofisi fulani, akaulizwa anaishi nyumba namba ngapi na anafanya kazi gani. Waliongea kwa upole kabisa. Akafuta picha, akafuta akaunti, akalala kwa shangazi yake wiki mbili.

Wiki ya tatu malori mawili ya changarawe yakaja, dimbwi likafukiwa. Mpaka leo bodaboda wanapita pale.

Yeye hajaweka kitu mtandaoni tangu siku hiyo. Ana vichekesho vikali kuliko mtu yeyote ninayemjua, ananitumia mimi tu, na kila kimoja chini anaandika usisambaze. Hii makala nilimsomea yote kabla sijaiweka. Akacheka kwenye Noah, akanyamaza kwenye vilaza, na mwisho akaniuliza kama nitaweka ile picha yake na fimbo.

Sijaiweka.

Najua kuna maneno ya wakubwa nimeyaruka, hasa ya miaka ya karibuni. Yashusheni hapo chini, ila kama jina lako halisi ndilo liko kwenye akaunti, fikiria kwanza.